Uzito wa Nani

Miezi saba baada ya mazishi
nililitoa gari la Ottavio kwenye banda la mapipa,
Fulvia ya mwaka sitini na tisa, rangi ya zeituni mbichi,
nikashuka nalo kuelekea Dogliani.
Kona ya kwanza liliinama kama mtu anayetafuta sarafu aliyoangusha.
Ya pili, likakawia kuinuka.
Ya tatu sikuihesabu; nilikuwa nimefumba jicho moja.

Kijana wa dukani Torino alinipangia mezani
springi fupi, nyekundu kama pilipili,
tairi pana zilizolala chini kama vyura.
"Litang'ang'ania lami, signora, kama kupe."
Nikamwuliza, na mashimo ya Murazzano je?
Akatazama simu yake.

Fundi jina lake Secondo, maana yake wa Pili,
ingawa kwao alizaliwa wa tano.
Hakufungua katalogi. Alilala chali chini ya gari,
akachokoa bushi ya mbele kwa bisibisi,
raba ikamwagika kama masizi.
"Hili halijachoka," akasema, "viungo ndivyo vimeoza.
Mwenye goti bovu ukimvika viatu vipya
atachechemea vilevile, ila kwa gharama."

Basi tukaanza na vidogo:
bushi za raba, siyo zile za plastiki ngumu
zinazopeleka kila kokoto kwenye meno ya dereva;
shokomzoba za mafuta, laini kushuka, kali kidogo kurudi;
tairi nyembamba, mia sitini na tano, rimu ya kumi na nne,
kwa sababu tairi nyembamba, alisema, ina umbea:
hukunong'oneza mapema kwamba itakuacha.
Tairi pana hunyamaza, hunyamaza, halafu hukutupa shambani.
Zile za zamani zilikuwa na kashata bado,
lakini tarehe ubavuni ilisema miaka kumi na tisa.
Nikazikwaruza kwa ukucha. Zilishakuwa mawe.

Kisha akachukua tepu ya kushonea ya mkewe,
akapima toka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi.
Nyuma kulia, thelathini na sita.
Nyuma kushoto, thelathini na nne.
Akapima tena.
"Alikuwa akiendesha peke yake?"

Miaka thelathini na moja, peke yake,
kiti cha pembeni kikibeba kofia tu.
Chuma kilikuwa kimemkariri kaka yangu,
kilo tisini na mbili, upande wa usukani,
na hata gari likiwa tupu
kiliinama kumngoja aketi.

Secondo alifuta mikono, polepole kuliko grisi ilivyohitaji.
"Tunaweka springi mpya. Lakini kabla ya kunyoosha magurudumu
lazima dereva awe kitini.
Nipange kwa uzito wa nani?"

Nilitaka kusema tisini na mbili.
Kinywa kilikuwa tayari.

Tulibeba magunia ya hazeli, zao la vilima hivi,
mawili na nusu, tukayafunga mkanda kitini.
Mizani ya ghalani ilisema sitini na moja.
Lile la nusu liliegemea mlango
kama lisilo na haraka.

Jana nilipanda hadi Murazzano. Kona ya tatu niliihesabu.
Gari liliinama kidogo, kama mtu anayesikiliza,
likainuka nami.
Hazeli moja bado inabingirika mahali chini ya kiti,
kulia, kushoto, kulia.
Sijaitafuta.