Albamu ya Saba

Nilimlipa Bwire elfu kumi mkononi,
dukani kwake Kitangiri, anakouza rangi na misumari.
Akanirushia nyimbo tisa kwenye simu,
akasema, "Usizisikilize kwa haraka."
Nikazisikiliza kwa haraka.

Nilimtaka Magesa wa zamani, yule wa ukumbi wa Pasiansi,
aliyekata nyuzi mbili kabla ya saa sita
akaendelea na zilizobaki,
sauti imechanika kama gunia,
sisi chini tumelowa, viatu mkononi.
Mfadhili hawakuwa naye, redio haikuwataka;
matangazo walibandika wenyewe kwa uji wa muhogo,
usiku, kwenye mawe ya Mabatini.

Hii ya sasa imepoa.
Sauti imeshuka ngazi mbili, ikakaa huko huko.
Gitaa linasema neno, linanyamaza,
linafikiri, linarudia nusu ya lile lile.
Na dramu! Bwire anazigusa
kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa.
Nikamwambia Nyabise, wazee wamechoka.
Nikaitafuta albamu ya pili, nikacheza jikoni peke yangu
mpaka goti likanitajia umri wake.

Sikuifuta. Uvivu tu.
Ikawa inajipenyeza nyingine zikiisha,
alfajiri, Mwaloni, mizani yangu ingali na umande,
nzi wa ziwa wamesimama kama moshi juu ya maji.
Siku moja, gunia la nne la dagaa,
nikashtuka mguu wangu unahesabu.

Wimbo wa tano. Lile pengo.
Nilidhani wamesahau kitu pale.
Kumbe wameacha nafasi,
na ndani yake nikasikia mtambo wa barafu ukinguruma,
mtu akikwangua sufuria,
na pumzi yangu mwenyewe,
fupi kuliko nilivyodhani.

Wanasema wimbo huuzoea taratibu.
Mimi huu ndio ulionizoea,
kama paka wa jirani: hakuitwa, hakupewa samaki,
siku moja kalala mapajani
na mimi ndiye ninayeona haya kunyanyuka.

Wimbo wa saba una kikohozi.
Cha Magesa, kikavu, kabla ya ubeti wa mwisho.
Mwanzoni nilikasirika. Elfu kumi yangu,
hata kikohozi wameshindwa kukata?

Jana spika ya muuza chai ilikuwa inaupiga
(nani kampa, sijui; mimi nilidhani ni wangu).
Mteja wa Shinyanga ananihesabia noti,
nikamwinulia kiganja: subiri.
Akasubiri, hajui anasubiri nini,
noti zimeganda hewani.

Kikohozi kikaja.

"Haya," nikasema, "tulikuwa wapi?
Kilo hamsini na tatu."