Mkono wa Kushoto

Kibirizi, kabla ya ile Jumanne, tulimcheka Bukuru.
Alichomelea kizimba cha nondo,
akafunga humo viti vinne vya basi bovu, mikanda ya kweli,
akakishusha ziwani kwa mnyororo
akakipindua
juu chini
sisi tukiwa ndani, manesi, dereva, mhasibu,
kama kuku wa mnadani.

"Helikopta," alisema, "uzito wake uko kichwani.
Injini juu, pangaboi juu.
Ikigusa maji haikai kama bata.
Basi ujue dirisha lako mapema,
ulijue kwa kiganja. Macho hayatakusaidia kitu kule."

Tukaandika. Nesi huandika kila kitu.

Mkono mmoja kwenye fremu, usiuachie.
Mwingine kwenye kifungo cha mkanda, usikifungue
mpaka kelele iishe.
Jaketi usilijaze hewa ukiwa ndani: litakupandisha,
na juu, saa hiyo, ni sakafu.

"Wanasema mfa maji haachi kutapatapa.
Mimi nasema anakufa kwa kutapatapa.
Wewe hesabu."

Yassini Kabemba alimaliza zoezi wa kwanza, akatoka anacheka,
mtoto wa Ujiji, aliyekuwa akivuka ghuba ya Bangwe
kwa kifua chake tangu darasa la tano.
Mimi nilitoka wa mwisho, nikatapika.
Sijui kuogelea. Mpaka leo sijui.

*

Tulikuwa tunarudi kutoka Kalya, masanduku ya chanjo matupu.
Tuliona mji.
Naisema tena kwa kuwa watu huniuliza mlikuwa wapi:
tuliona mji. Bati za Mwanga. Paa la stesheni.
Dagaa walioanikwa, weupe juu ya mchanga,
na mama mmoja akiwageuza, ameinama, hajatazama juu.

Injini ikakohoa. Kikohozi kikavu, cha wodi ya kifua.
Kapteni Shabaruku akasema neno moja, "Shikeni,"
na mkono wangu wa kushoto ukashika.

Mkono huu mama aliuchapa kwa mwiko
kila nilipopokea nao chakula.
Mkono usio na adabu.
Haukuningoja niamue.

Kisha ziwa likaingia kupitia puani.
Giza. Miguu yangu ilikuwa mahali pa kichwa,
kila kitu kilihama
isipokuwa fremu.
Nikahesabu Kiha, sijui kwa nini Kiha:
rimwe,
kabiri,
gatatu,
pangaboi bado inapiga maji,
kane,
karibu yangu kitu kikafanya fuuu, kama puto la harusi,

gatanu.

Kimya.
Nikafungua mkanda. Nikaufuata mkono wangu
kama mtoto anayevutwa sokoni.

*

Ufukweni watu walisimama mpaka kwenye reli, wameinua simu.
Wawili tu walisukuma mtumbwi wa mashine,
mmoja hata shati hakuvaa.
Walitutoa watatu.
Kapteni alikuwa na damu sikioni, akiuliza, "Wangapi? Wangapi?"

Yassini walimkuta jioni.
Mkanda ameufungua vizuri.
Jaketi lake, la chungwa, limejaa, limembandika
kwenye sakafu iliyogeuka dari,
hatua moja kutoka dirisha langu.

Bukuru hakusema nilisema.
Alikwenda Kibirizi peke yake, akakitoa kizimba majini,
akakaa ndani yake kwenye mchanga mpaka magharibi.

*

Siku ya arobaini nilikwenda Ujiji.
Mama yake alinikalisha mkekani, akamimina chai,
akaniuliza kile nilichojua ataniuliza:
"Mwanangu si alijua kuogelea?"

Nilikuwa na majibu. Yako kwenye daftari, yana namba.
Nikasema, "Alijua, mama. Kuliko sisi sote."

Akanipa kikombe.
Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka mno,
nikakipokea kwa kushoto.

Hakunikemea.