Rangi Kifuani mwa Dume

Novemba tunampaka dume rangi kifuani.
Emrys anamshika pembe, mimi nashika brashi.
Kila jike atakayepandwa atashuka na alama mgongoni:
siku kumi na saba za manjano,
kisha nyekundu, kisha buluu.
Mwenye nyekundu juu ya manjano, hakushika.
Naandika yote katika daftari linalonuka sufu,
nahesabu siku mia na arobaini na saba,
na kabla theluji haijaondoka mlimani
najua nani atazaa Jumanne
na nani atanikesha Jumapili.

Kondoo mia mbili na kumi. Siku zao nazijua.
Zangu sizijui.

Miaka sita nilichomwa sindano, kila miezi mitatu.
Deni la benki, paa la zizi, mama mkwe kitandani:
tulikuwa na sababu, na sindano ilizilinda.
Hedhi ikakoma. Sikuililia.
Ukiwa kileleni na upepo wa Wales, choo kiko maili mbili,
kukosa siku zako ni kama kusamehewa kodi.

Sindano ya mwisho ilikuwa Februari, mwaka jana.
Ikapita Mei. Tukanyoa manyoya, tukakata majani,
suruali zangu zikabaki safi.
Emrys hakuuliza. Alianza tu kufunga milango polepole.
Shangazi Morfudd ndiye aliyesema, akimenya viazi:
"Ukiyachezea maumbile, nayo hukuchezea."
Mchana nilimcheka.
Usiku nilimwamini.

Desemba nikaenda Dolgellau kwa muuguzi Pugh.
Alichora mstari nyuma ya bahasha ya umeme.
"Hujaharibika," akasema. "Umelala.
Dawa hii hukawia kutoka; wengine miezi sita,
wengine mwaka, na wengine huuvuka."
Nikamwambia nimesoma kwamba yai hutoka siku ya kumi na nne.
"Ya nani?" akauliza.
"Yai hutangulia damu kwa wiki mbili hivi.
Hiyo ni hesabu ya kurudi nyuma,
na hujui pa kuanzia mpaka damu ifike."

"Basi nitajuaje?"

"Ute."
Nikaona bakuli langu la jikoni, yai limepasuliwa,
ule weupe unaovutika kati ya vidole
usitake kukatika.
"Ukiuona huo, mlango u wazi.
Siku tano kabla ya yai, na siku ya yai lenyewe.
Joto la asubuhi likipanda, mlango umeshafungwa.
Ila wewe una haraka ya mtoto. Non wa kinuni
alikuja na haraka nyingine:
hana siku, akasema, kwa hiyo hana hatari.
Nikamwambia yai la kwanza halingoji damu ya kwanza,
lilikwisha kutangulia. Akadhani namtania.
Mwanawe sasa yuko chekechea."

Machi, saa tisa za usiku.
Jike wa buluu, namba sabini na nne,
mkono wangu ndani yake hadi kiwikoni,
natafuta mguu wa pili wa mwanawe.
Chini ya kitovu changu kitu kikavuta,
kikaachia, kikavuta tena,
kama mtu anayejaribu kufuli lenye kutu.
Mwana-kondoo akateleza nje, akapiga chafya.
Nikasimama kujifuta.
Damu ilikuwa mapajani,
na damu hiyo haikuwa ya kondoo.

Miaka yote ile niliyoilaani!
Nikacheka mpaka dume akabisha ubao kwa pembe.
Emrys akaja mbio na taa, buti bila soksi,
akijua tumepoteza mtoto.
"Nimeuona mwezi," nikamwambia.
Akainua taa, akatazama juu, penye paa la bati.

Nikamwacha atazame.

Daftari lilikuwa juu ya gunia.
Chini ya namba mia mbili na kumi
nikaandika jina langu kwa kidole kilicholowa,
na tarehe. Sehemu ya rangi
nikaiacha tupu.