Miezi Kumi na Tisa

Ofisi yetu ilikuwa mgodi wa chokaa.
Futi mia mbili chini ya malisho ya ng'ombe, Pennsylvania,
serikali ya shirikisho imepanga meza, taa, mashine ya kahawa
na makabati ya chuma ambayo hakuna aliyemaliza kuyahesabu.
Huku hakunyeshi. Januari na Julai baridi ni ile ile.
Aliyepima mvua Alaska, aliyekagua nyama Texas,
akistaafu, maisha yake yanafika hapa yamefungwa kwa mpira
nasi tunayasukuma kwa toroli.

Mimi ni Lorraine. Miaka ishirini na sita humu.

Bwana Aldinger alikuja mwezi Machi na ubao.
Majina yetu, na mbele ya kila jina, namba.
Majalada kumi na mawili kwa siku ni kijani. Tisa, manjano.
Chini ya hapo anakuita pembeni
anakuuliza kama nyumbani kuko salama,
kwa sauti ya mtu aliyefundishwa siku mbili hotelini
namna ya kuuliza kama nyumbani kuko salama.

Basi tukajifunza kuyakwepa manene.
Jalada nene ni mtu aliyehamahama,
aliyeolewa akaachika, akabadili jina mara tatu,
aliyekwenda vitani akarudi kazini nusu siku.
Jembamba linakimbia. Nene linakula kijani chako.
Asubuhi, taa zote hazijawaka,
utawaona watu wazima wakipima makaratasi kwa viganja
kama wanaonunua nyama.

Jumanne likaja la Delbert.

Delbert Hrabovsky, meza ya tatu kutoka kwangu,
aliyenifundisha kusoma mwandiko wa makarani wa kale,
aliyeficha matango ya siki kwenye droo ya mihuri.
Bajeti ilipokwama Bungeni
tulikokotoa pensheni za wenzetu siku thelathini bila mshahara.
Mkono mtupu haulambwi; sisi tuliulamba.
Kila Ijumaa Delbert alileta sufuria ya supu,
akasema dada yake kapika nyingi kwa bahati mbaya.

Delbert hana dada.
Fomu ninayo: ndugu, hakuna. Warithi, hakuna.

Na kati ya 1986 na 1988, pengo.
Miezi kumi na tisa, ukurasa haupo.
Kanuni haina kona: piga muhuri PUNGUFU,
rudisha mkiani mwa foleni, chukua lingine.
Mkiani ni miezi saba.

Nilikaa na muhuri mkononi.
Nikauweka chini.

Siku ya kwanza nilimaliza majalada manne. Ya pili, moja.
Nilikuwa shimo la nane, kati ya masanduku ya idara zilizokwisha kufa,
chokaa mpaka kwenye kope,
nikaukuta ndani ya jalada la mwingine,
Hrabosky, bila v, wa Ohio, marehemu:
karatasi nyepesi, wino wa bluu uliopauka.
Ghala la mbegu la serikali. Mlinzi wa usiku.

Miaka yote ile, hakuwahi kuniambia kwamba alilinda mbegu.

Alhamisi Aldinger aliniita.
Akauliza kuhusu nyumbani. Nikasema ni salama.
Nikamweleza habari za ukurasa. Akasikiliza, kweli akasikiliza,
akautazama ubao, akaitazama kalamu.
"Hilo halina safu," akasema.
Nadhani lilimuuma. Lakini naye ana ubao wake huko Washington
na mbele ya jina lake, namba yetu.

Onyo la maandishi, kurasa mbili. Nilitia saini.
Nakala yake, nakala yangu,
na moja ndani ya jalada langu
ambalo limeanza kunenepa.

Siku moja litashushwa huku kwa toroli,
mtu nisiyemjua atalipima kwa kiganja.
Onyo lile nimelibana kwa pini mbili.
Ukurasa ni ukurasa.
Usije ukamhangaisha mtu shimo la nane.