Vigingi Tisa

Nuoro, ghorofa ya pili, dirisha linatazama mlima.
Daktari Murgia kashika saa ya kuhesabia sekunde.
"Tembea, Bonaria, hadi kwenye utepe."
Dawa ya zamani, sindano ya pajani: sekunde kumi na moja.
Hii mpya, ya dripu, kila miezi sita: tisa na nusu.
Anaandika. Anaitabasamia karatasi.

Kisha vigingi tisa, vitundu tisa,
mkono wa kushoto ukibabaika
kama mgeni asiyejua kupiga hodi.

Haniulizi habari za jibini:
kwamba mwaka wa sindano niliikanda kwa ngumi,
homa ikinitafuna,
na mwaka huu vidole vimerudi, vitatu,
vikautambua uzito wa maziwa yaliyoganda.

Vitatu, daktari.
Vitaingia safu ipi?