Geuza Karatasi

Mimi ni fundi wa nguo, Kariobangi,
kibanda cha tatu kutoka kwa muuza makaa.
Najua jambo hili: ukishapata mkono wa kulia,
wa kushoto haukatwi kwa kubahatisha.
Unageuza karatasi tu.

Kwa hiyo Onditi aliponiketisha mbele ya kompyuta,
ghorofa ya nne, Upper Hill,
akamzungushia Kavutha kimashine mfano wa pasi
kinachomulika bila kuchoma,
na kichwa cha mwanangu kikaota kwenye skrini,
kijivu, bila nywele, kikizunguka kama chungu kwa mfinyanzi,
kisha akabonyeza, na sikio la kulia
likavuka utosi, likatua kushoto,
pale ambapo kwa miaka tisa pana kinyama
kisichozidi punje ya haragwe,
sikushangaa. Nilisema, "Umegeuza karatasi."
Akaniangalia kama nimemwibia siri ya kazi.

Mtaani walishasema yao:
kwamba nilishika makasi jua likipatwa, nina mimba;
kwamba sikio halipiti kichwa, nisimpangie Mungu.
Methali nazo zina watu wao.
Kavutha akajifunza kukaa kushoto kabisa darasani,
ukuta umfiche.

"Picha hii inawekwa wapi?"
"Kwenye wingu."
"Wingu gani? Haya ya Ngong?"
Akacheka. Mimi sikucheka. Ni kichwa cha mtoto wangu.
Nikamfanya aniandikie, kwa kalamu,
nani ana ufunguo.

Mashine ya kuchapa ilianza saa nne,
uzi juu ya uzi, bila sindano.
Saa tano na nusu stima ikapotea.
Nusu sikio.
Onditi akashika kichwa. Nikamwambia
cherehani yangu ni ya kukanyaga, haijui stima.
Tukaanza upya.

Lilipotoka lilikuwa jeupe, lina joto kidogo.
Nikaliweka kiganjani.
"Hilo si sikio, mama," akasema Daktari Nasimiyu,
"ni kielelezo. Lenyewe nitalichonga
kwa gegedu la ubavu wake, hilo likiwa mbele ya macho yangu."
Ubavu! Nikazihesabu mbavu za Kavutha kwa jicho,
juu ya sweta ya shule.
Daktari alipogeuka, nikalinong'oneza lile jeupe
neno ambalo sitaliandika hapa.

Kavutha alilitazama muda mrefu.
"Yatalingana kabisa?"
"Karibu kabisa."
"Afadhali karibu. Hata nguo zako, mama,
mkono mmoja huwa mrefu."
Daktari akacheka hadi miwani ikaanguka.
Nami, fundi wa miaka kumi na saba, nikameza.

Sasa ni bandeji tu. Wiki ya pili.
Hereni nilizonunua kabla hajazaliwa zilikuwa mbili,
maana ndivyo zinavyouzwa.
Moja anaivaa.
Nyingine imo kwenye kopo la vifungo,
na kila nikitafuta kifungo
inanichoma kidole.