Nati Changa

Umeme ukikatika Ngamiani, Semkiwa haachi kazi.
Anaibana tochi kwa meno na kuendelea kusema,
maneno yakitoka na mate:

"Kule kwao baiskeli hazina mwenyewe.
Zinajilisha makundi makundi kwenye mbuga za changarawe,
moja imesimama kando, kengele tayari.
Cherehani ni ndege. Mdomo mmoja, sindano moja,
zinadonoa nyufa za ardhi mpaka zishonane.
Na mtoni, chini ya maji meusi ya oili,
korona, ile ya mkonge, unayoijua, ya Ngomeni,
imelala kama gogo.
Usinywe hapo."

Zikifa?

"Kutu. Kutu ndiye mchwa wao, ndiye fisi,
ndiye mkunga. Anatafuna polepole,
anaurudisha wekundu udongoni,
na masika yajayo utaona nati changa
zimechomoza, laini, bado hazijaota nyuzi."

Niliishika cherehani ya Bi Mwanamkasi
iliyoletwa asubuhi ikiwa bubu.
Nikazungusha gurudumu. Kitu ndani kikakohoa.

Na sisi je, fundi? Kule tungekuwa nani?

Akaitoa tochi mdomoni, akaifuta kwa shati.
"Umemwona yule ndege wa mgongoni kwa nyati?
Anadonoa kupe, anashiba,
na akizidisha
anachapwa mkia."

Umeme ukarudi. Feni ya dari ikajinyoosha,
ikatutazama mara tatu,
ikaanza kuruka
palepale ilipofungwa.